Kitambi kinachoanzia kwenye njaa

Mtajie mama wa Itebero, huko kwenye misitu ya Walikale, unene wa watoto, naye atakushangaa. Anachokijua yeye ni bwaki, yaani utapiamlo mkali: miguu iliyovimba, nywele zilizopauka, mtoto asiyetaka kucheza. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Waliozidi uzito walikuwa kama asilimia 4 tu. Hata hivyo habari ya unene inamhusu sana mama huyu.

Ushahidi uko Lwiro, Kivu Kusini. Watafiti waliwafuatilia watu waliotibiwa utapiamlo mkali huko kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa jamii ileile ambao hawakuugua. Miaka 11 hadi 30 ilikuwa imepita. Waliougua utotoni walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulimbikiza mafuta tumboni na kupandwa na sukari katika damu. Mafuta hayo huzingira ini na utumbo, hata kwa mtu anayeonekana mwembamba.

Wanasayansi wanaeleza kwamba mwili unaokua katika uhaba hubana matumizi. Misuli hubaki midogo, na kongosho huweza kukosa seli za kutosha za kutengeneza insulini. Wanga na sukari vikija kwa wingi baadaye, kama vile familia iliyokimbia vita inapohamia mjini kwenye soda na mandazi, misuli hiyo haiwezi kuvitumia vyote.

Umri nao una uzito wake. Kilo anazoongeza mtoto kabla ya miaka miwili humjengea zaidi kimo na misuli. Zile zinazokuja kwa kasi baadaye huelekea kwenye mafuta. Basi tusimnyime chakula mtoto aliyedumaa kwa kuogopa kitambi! Uji mtupu wa muhogo hushibisha, lakini protini yake ni haba mno. Sombe iliyotwangwa na kuiva vizuri, pamoja na karanga, maharage, ndagala na mawese, humjenga. Akina mama wa Itebero wanavijua vyakula hivi. Vita ndivyo vinavyowazuia kufika shambani.

Utepe wa kupimia mzingo wa mkono ukisoma milimita 125 au zaidi na uvimbe ukiisha, mtoto huhesabiwa amepona. Mimi ningependa kimo chake kiendelee kupimwa, na kadi yake ibaki na maandishi kwamba aliwahi kuugua bwaki, ili muuguzi atakayempokea akiwa na miaka 30 ampime sukari na shinikizo la damu bila kungoja dalili.