Usitupe hizo santuri za babu!

Kama una jamaa Isebania, Migori au Homa Bay, msomaji, hebu uliza likizo hii iwapo chini ya kitanda cha babu hakuna sanduku la santuri. Vitu ambavyo watoto walivigeuza vya kuchezea, leo vinasakwa na wanunuzi kutoka Ulaya.

Nyingi zitakuwa za benga, na hutamkosa Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz. Alizaliwa mwaka 1940 ng'ambo ya mpaka, karibu na Shirati, Tanzania (usichanganye na Sirari, jirani wa Isebania), akaja kujijengea jina Kenya. Nyimbo zake za mafumbo zilimtia matatani na wakubwa. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006.

Siku zile benga ilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, basi wimbo ulikatwa vipande viwili. Unageuza sahani magitaa yakiwa ndiyo kwanza yamepamba moto! Mimi naona utamu wenyewe uko upande wa pili, waimbaji wakishanyamaza.

Sasa nyimbo hizo zinatolewa upya. Mwaka 2010 Sterns ya London ilikusanya nyimbo za Misiani za miaka ya sabini. Mwaka 2013 Soundway, pia ya Uingereza, ikatoa Kenya Special, kwenye CD na santuri.

Vijana wa hip-hop nao wamo. Kundi la Black Savage lilirekodi Kothbiro miaka ya sabini. Mwaka 2018 Kanye West wa Marekani alichota kipande chake akakitia katika wimbo Yikes, na watunzi James Mbarack Achieng na Ayub Ogada wakaorodheshwa. Naye MC Yallah, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Uganda, hughani kwa Kiluo, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Albamu yake Yallah Beibe ilitolewa mwaka 2023 na Hakuna Kulala ya Kampala.

Lakini nani anakula jasho la nani? Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu iliporekodiwa, ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo tungo za Misiani zina wenyewe hadi mwisho wa 2056, hata rekodi zake za kwanza zikiwa zimeachwa huru. Mjane au mtoto wa mwanamuziki asiuze sanduku zima kwa bei ya sukari kabla ya kutafuta zile karatasi za mkataba.

Na santuri zenyewe? Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Ziepushe na joto la mabati, maana zikipinda sindano huruka. Shika ukingoni, na vumbi ulipanguse kwa kitambaa laini kufuata mikwaruzo ya duara.