Scooby-Doo: nani iko chini ya maski?

Leo tunarudilia hadisi ya kwanza kabisa ya Scooby-Doo, yenye ilipita kwenye televizyo ya Marekani tarehe 13 septemba 1969. Wenye kuiangalia kwa Kifaransa wanajua Shaggy na Velma kwa majina ya Sammy na Véra.

Usiku, Sammy na imbwa wake wanakuta gari njiani. Dereva hayuko, muko tu mavazi ya chuma ya shujaa wa zamani. Wanaambiwa kama yanafufuka mwezi ukijaa. Kwenye muzee, picha za bei zinapotea, profesa naye haonekane. Mwishoni maski inatoka: ni mkubwa wa muzee! Alikuwa anaiba picha za kweli na kutundika za uongo. Profesa angezitambua, basi akamficha.

Kwetu Butembo na Beni, hii si ya kucheka tu. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua watu zaidi ya 2.200, na uvumi ulitembea mbio kuliko waganga. Februari 2019, vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Véra yeye hakimbie, na hasadiki haraka: anatafuta alama, anauliza nani anapata faida watu wakiogopa.

Lakini tusidanganye watoto. Tangu oktoba 2014, wenye kuua Beni si mizimu, ni watu, na woga wetu uko na sababu. Wazazi, muangalie nao. Mbele maski itoke, muwaulize: «Ni nani? Umejuaje?»