Nusu ya Lori ni Maji

"Mathe, miti ni ya bure, wewe lipa mafuta na wapakiaji tu." Ukiishi Kitengela utayasikia maneno haya mapema au baadaye, na mara nyingi dereva hasemi uongo. Mji huu, ambao sensa ya 2019 iliuhesabia zaidi ya watu 150,000, bado unajengwa kila upande, na ploti nyingi zinazosafishwa zina mkaratusi, jakaranda au saiprasi aliyoipanda mwenye shamba wa zamani. Mwenye ploti mpya anataka mafundi waanze msingi Jumatatu. Kwake magogo ni takataka. Kwa anayepikia wanafunzi, au anayechemsha supu kando ya barabara ya Namanga, magogo hayohayo ni bahati.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: katika ule mzigo, kuni ni kiasi gani na maji ni kiasi gani?

Mkaratusi ulioangushwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua gogo la urefu wa mita 2 na kipenyo cha sentimita 30. Ujazo wake ni takriban lita 140, na kwa kuwa mkaratusi mbichi hukaribia uzito wa maji, gogo hilo moja lina kilo 140 hivi. Likaushe hadi unyevu ubaki asilimia 20 na utabaki na kilo 88. Zile nyingine zaidi ya 50 ulizinunulia dizeli, ukawalipa vijana wazipakie na wazishushe, kisha zikapaa. Kama mzigo unatoka Kitengela kwenda Kajiado mjini, safari ya kilomita 50 hivi, hasara hiyo inatosha kuifanya kuni ya bure iwe ghali kuliko ile inayouzwa kavu sokoni.

Kwa hiyo mapatano ya kwanza si na dereva, ni na mwenye ploti. Mwombe muda. Akikubali kukuachia kona moja kwa wiki chache, kata na upasue papo hapo, acha jua lianze kazi, ndipo uite kenta. Akikataa, na wengi hukataa, chukua matawi kwanza. Watu huyadharau matawi na kung'ang'ania shina kwa sababu shina linajaza macho, lakini tawi nene kama kifundo cha mkono halihitaji kupasuliwa, hukauka upesi na huingia jikoni moja kwa moja. Mimi ningemwachia mwingine shina la nusu tani nisilo na njia ya kulikata.

Karatasi nazo zisisahaulike. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii, si saiprasi ya kwenye ploti, na Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuiondoa. Lakini mazao ya miti yakishapanda barabarani ni mambo mengine: pata kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na ubebe barua ya mwenye ploti inayoeleza miti imetoka wapi. Fika ofisi yao kabla ya siku ya safari, maana kwenye kizuizi cha barabarani hakuna anayesikiliza hadithi ya mti wa bure.

Si kila mti unafaa kila jiko. Mkaratusi una joto zuri na makaa ya kudumu, ila ukingoja ukauke ndipo uupasue utajuta; nyuzi zake hujisokota na shoka huruka kama limegonga chuma. Upasue ukiwa mbichi. Grevilea ni laini, hukauka haraka na kuisha haraka. Ni nzuri kuwashia. Saiprasi ina utomvu, hivyo hurusha cheche na kuacha masizi, na nyama iliyochomwa juu yake hubeba harufu yake. Mathenge, unaopatikana upande wa Magadi, unatoa kuni bora kabisa, lakini miiba yake hutoboa tairi pamoja na kiatu. Migunga ya asili iache isimame. Mbuzi wa Kajiado hula maganda ya oltepesi, mgunga mmojawapo, wakati nyasi zimekwisha, na mti wa namna hiyo haurudi kwa miaka miwili kama mkaratusi unaochipua kisikini. Ukiona mnyaa umechanganywa kwenye mzigo, uondoe kwa glavu. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utakupeleka hospitali.

Kabla fundi hajawasha msumeno wa injini, ligeuze gogo na ulitazame pande zote. Miti ya mpakani imemeza misumari na seng'enge za miaka mingi. Doa jeusi au la samawati kwenye mkato mpya ni dalili kwamba kuna chuma ndani. Udongo nao ni adui: mnyororo ukigusa ardhi mara moja tu hupoteza makali, na utamwona fundi akitoa tupa huku saa unazomlipa zikienda. Inua gogo juu ya vipande viwili vya mti, na usiruhusu ncha ya msumeno iguse kitu, kwani hapo ndipo hurudi nyuma ghafla na kumfikia usoni aliyeushika.

Urefu wa vipande uamuliwe na jiko, si na fundi. Pima tundu la kuni la jiko lako, toa sentimita chache, kata kijiti cha urefu huo na umkabidhi awe anapimia. Kwenye kupasua, usianze katikati ya gogo nene. Anza pembeni, ukimega vipande kuzunguka kama anayemenya, na uufuate ufa ambao jua limeshauchora kwenye uso wa mkato. Penye kifundo, weka kabari au liache gogo hilo liwe kiti.

Kukausha ndiko kazi yenyewe, na hapa Kajiado imependelewa. Upepo unaozungusha mitambo ya umeme ya Kipeto, yenye megawati 100, ndio huohuo unaopita kwenye ua wako bila malipo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka upande wa mashariki, kwa hiyo panga rundo lako likinyooka kaskazini hadi kusini ili upepo ulipenye kwa ubavu. Panga safu moja, si kichuguu. Weka mawe au matofali chini, kwa sababu udongo wetu mweusi hushika maji ya mvua kwa siku nyingi na mchwa wa Kitengela hawahitaji mwaliko. Funika juu peke yake kwa bati kuukuu. Anayefunika rundo zima kwa turubai ameziwekea kuni mvuke wake wenyewe. Zilizopasuliwa mwezi wa Desemba, mvua ndogo zikiisha, hupata jua la Januari na Februari na huwa tayari kabla ya masika. Zilizopasuliwa Juni hukutana na mawingu na baridi ya Julai, na itabidi uzisubiri zaidi.

Utajuaje zimekauka? Gonga mbili pamoja: kavu hulia, mbichi hunong'ona. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mizani. Wekea alama vipande vitano, uvipeleke buchani kila wiki vipimwe, uandike. Uzito ukikoma kupungua, zimekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Usiharakishe: kilo moja ya kuni yenye unyevu wa asilimia 20 hutoa joto la megajuli 14 hivi, lakini ikiwa nusu ni maji hutoa takriban 8 tu, kwani moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kwanza. Ule moshi mzito unaomtoa mpishi machozi ni gesi za kuni ambazo zingekuwa moto, zikipita kifuani mwake badala ya chini ya sufuria.

Mwisho, chungulia chini kabisa ya mzigo. Wapakiaji hupenda kujazia lori kwa vipande vya nguzo za stima na posti za ua, na huwa kavu, nyepesi, zinavutia. Zile zenye rangi ya kijani-kijani zimelowekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zile nyeusi zenye harufu ya lami zina kreosoti. Rudisha zote kwenye lori, hata kwa kuchemshia maji ya kufulia usizitumie. Moto hauiharibu aseniki: sehemu hutoka na moshi na iliyobaki hukaa kwenye jivu, na jivu ndilo watu hulimwaga kwenye sukuma wiki.