Mamlaka Huliwa Mazima? Falsafa ya Utawala katika Masimulizi ya Walunda na Wachokwe

Falsafa ya siasa inapofundishwa vyuoni, aghalabu huanzia Ulaya. Makala haya yanaanzia Kasaji, mji ulio kando ya reli itokayo Kolwezi kwenda Dilolo, ambako Walunda na Wachokwe huishi pamoja. Kusudi lake ni kuonyesha kwamba swali lililowashughulisha wanafalsafa wa Ulaya, yaani kama mamlaka yaweza kugawanywa, liliulizwa huku pia, na kwamba majibu yake yamegusa maisha ya watu wengi.

Yafaa kuanza na msamiati. Neno "mamlaka" lina asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile la "miliki". Hivyo, kwa asili ya neno, mwenye mamlaka ni jirani wa mwenye mali. Lugha nyingi za Kibantu za ukanda huu zina taswira nyingine: anayetawazwa "hula" cheo. Ndiyo taswira iliyomo katika msemo unaosikika Katanga, kwamba mamlaka huliwa mazima. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo, mjini Lubumbashi, maana ya msemo huo, nao wakamjibu kwa kutunga mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili. Msemo wenyewe waweza kufasiriwa kwa njia mbili. Kwanza, mtawala hagawani cheo na mtu. Pili, anayekula cheo hula pamoja na mzigo wake.

Fasiri ya kwanza ina watetezi mashuhuri. Jean Bodin (1576) na Thomas Hobbes (1651), ambao wote wawili walishuhudia nchi zao zikipigana zenyewe kwa zenyewe, walishikilia kwamba mamlaka makuu hayagawanyiki. Kuyagawa ni kukaribisha vita. John Locke alihofia kinyume chake: mtawala asiye na mipaka ni hatari kuliko kutokuwa na mtawala, na utawala halali hutokana na ridhaa ya watawaliwa. Montesquieu (1748) alitaka nguvu moja izuiwe na nyingine. Rousseau (1762) alikubali kwamba mamlaka makuu hayagawanyiki, ila akayaweka mikononi mwa umma, si mfalme.

Masimulizi ya Kilunda yanalijadili suala hilo hilo kwa njia ya kisa. Ruwej, mrithi wa utawala, alimpa mumewe Chibinda Ilunga, mwindaji mgeni kutoka Uluba, bangili ya ufalme iitwayo lukano. Ndugu zake Kinguri na Chinyama wakakataa kumtii mgeni, wakaondoka na wafuasi wao kuelekea magharibi. Wachokwe huunganisha nasaba za machifu wao na wale walioondoka. Kisa ni kimoja, hoja ni mbili. Kwa aliyebaki, bangili ndiyo uhalali. Kwa aliyeondoka, bangili haimfungi asiyeiridhia. Locke angeitambua hoja hii ya pili.

Aidha, huko Musumba mfalme, yaani Mwant Yav, hakula peke yake. Mwanamke mwenye cheo cha Nswan Murund hushika nafasi ya Ruwej, na Rukonkesh huhesabiwa kuwa mama wa ufalme. Tena, mrithi wa cheo hurithi jina na udugu wa mtangulizi wake, hata vyeo vikabaki ndugu baada ya wenyewe kufa. Ndiyo maana Mwata Kazembe wa Luapula huhesabiwa kuwa "mwana" wa Mwant Yav kizazi baada ya kizazi. Hobbes alitafuta namna ya dola kutokufa pamoja na mfalme. Walunda waliipata katika udugu.

Mwaka 1960 suala hili liliacha kuwa la masimulizi tu. Katika uchaguzi wa jimbo la Katanga, CONAKAT ya Moïse Tshombe, mwenye nasaba ya kifalme ya Kilunda, ilipata viti 25 kati ya 60. Karteli, iliyounganisha BALUBAKAT na ATCAR, chama cha Wachokwe, ilipata 23. Karteli iliposusia baraza, akidi ikakosekana. Mwezi Juni Ubelgiji ikairekebisha Sheria ya Msingi, na CONAKAT ikaunda serikali bila Karteli. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga, na vita vikaendelea hadi Januari 1963. Mamlaka yaliliwa mazima, kwa fasiri ya kwanza.

Mobutu, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1997, naye alidai kwamba jadi ya Kiafrika haijui machifu wawili katika kijiji kimoja. Musumba haimpi ushahidi. Chifu huko alikuwa mmoja, lakini alizungukwa na wenye vyeo ambao udugu wao naye haukuwa wake kuuvunja. Na waliokataa bangili walikuwa na njia ya kuondoka. Kijiji cha Mobutu kilikuwa na chifu mmoja, bila ya ndugu na bila ya njia.