Kanuni Huru, Picha za Mwenyewe
Sisi tuliozoea kusema fani na maudhui havitengani, hebu tuutazame mchezo wa Dungeons & Dragons. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa leseni ya kutumia bure kanuni zake. Picha je? Hizo mwenyewe aliweza kuzizuia. Januari 2023, baada ya wachezaji kuja juu, muhtasari wa kanuni ukaachiwa kwa leseni ya Creative Commons; nao hauna mchoro. Basi nguvu za joka utazinakili neno kwa neno, mradi umtaje mwenyewe, ila joka la jaladani tafuta mchoraji. Tena kumlipa tu hakutoshi! Huko Marekani, bila maandishi, hakimiliki ya msanii wa kujitegemea hubaki kwake, na mimi naona ni haki.