SOMO LA 14: WAJIBU WA WAZAZI KWA MTOTO ALIYEGEUKA TABIA



Katika somo lililotangulia tulieleza amri ya nne kwa upande wa watoto: wawaheshimu baba na mama, wawatii, wawatunze katika uzee. Leo tutaitazama amri hiyohiyo kwa upande wa wazazi. Mtoto ni amana. Mungu amewakabidhi ninyi, naye atawadai hesabu yake. Kumlisha, kumvika na kumpeleka shule ni mwanzo tu wa wajibu huo. Siku tabia ya mtoto inapogeuka, ndipo upendo wa wazazi hujaribiwa.

1. Neno la hatari

Tuchukue mfano. Katika kijiji kando ya mto, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa mchangamfu, anaanza kuwa mkimya. Usiku anakojoa kitandani, ingawa aliacha zamani. Darasani anakaza macho mahali pamoja. Mwalimu anamwita, haitiki. Mara anawapiga wadogo zake bila sababu. Mwezi huohuo shangazi anafiwa na mtoto mchanga, na mitego ya baba haileti samaki. Jioni moja mtu mmoja anasema, "Mtoto huyu ni mchawi."

Tangu siku ile hakuna aulizaye tena mtoto anaumwa nini. Kila alifanyalo ni ushahidi juu yake. Akilia, ni mchawi. Akinyamaza, ni mchawi. Watoto wa namna hii wamefungwa, wamenyimwa chakula, wametiwa pilipili machoni, hata wakakiri wasilolijua ili mateso yakome. Wengine wamefukuzwa nyumbani, wakaenda kulala barabarani mjini. Mwaka 2010 shirika la UNICEF lilitoa uchunguzi juu ya jambo hili katika Afrika. Ulionyesha kwamba wanaosingiziwa mara nyingi ni mayatima, vilema, wenye kifafa, na watoto wenye tabia isiyo ya kawaida: wakaidi, wakali, au wakimya mno. Tazameni, ndugu: ni walewale wanaohitaji msaada kuliko wenzao!

2. Sababu zilizofichika

Tabia ya mtoto ni kama moshi. Moshi waonyesha kwamba kuna moto, lakini haukuambii ni nini kinachoungua. Lazima mtu asogee na kutazama.

Pengine ni masikio. Mtoto asiyesikia vema huonekana mkaidi, kumbe agizo halikumfikia.

Pengine ni kifafa. Si kila kifafa humwangusha mtu. Kiko kifafa kinachomfanya mtoto atulie ghafula kama sanamu, kwa muda mfupi, kisha arudi kama aliyeamka usingizini. Katika vijiji kadhaa vya Tshopo na vya Bas-Uélé madaktari wameona watoto wengi wenye kifafa kupita kawaida, hasa karibu na mito yenye maji ya mbio. Humo huzaliana usubi, nzi wadogo weusi waenezao ugonjwa wa upofu wa mtoni. Na uchunguzi umeonyesha kwamba mahali penye ugonjwa huo kwa wingi, kifafa nacho huzidi. Kwa hiyo dawa ya ivermectini, igawiwayo bure vijijini, yafaa imezwe na kila aruhusiwaye na wagawaji.

Shikeni na neno hili: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hakiambukizi kwa mate. Mgonjwa akianguka, msimkimbie. Mwondoeni penye moto na maji, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni.

Pengine ni malaria kali iliyopanda kichwani zamani. Mtoto alipona homa, lakini akili yake ilibaki na jeraha. Pengine alizaliwa hivyo, na akili yake yakua polepole kuliko ya wenzake.

Tena pengine ni hofu au huzuni. Wengi wenu mlikuwa watoto Kisangani ilipopigwa mabomu siku sita, tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000. Mwakumbuka jinsi mtoto alivyoshtuka mlango ukigongwa, muda mrefu baada ya mizinga kunyamaza. Mtoto aliyefiwa, aliyepigwa mno, au aliyetendewa uovu asioweza kuutaja, husema kwa tabia asiloweza kusema kwa mdomo.

3. Swali la Yezu

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba mmoja alimletea Yezu mwanawe, aliyekuwa akianguka motoni na majini. Watu walikuwa wakibishana. Yezu hakumlaumu mtoto, wala hakuuliza nani kamroga. Alimwuliza baba jambo hili lilianza lini. Baba akaeleza kwamba lilianza tangu utoto. Kisha Yezu akamshika mtoto mkono, akamwinua.

Labda mmoja wenu atasema, "Lakini Injili hapo yataja pepo." Ni kweli. Ndiyo maana Kanisa limeweka sheria. Kwa kanuni ya 1172, hakuna awezaye kumpunga mtu pepo kwa haki bila ruhusa wazi ya Askofu, naye Askofu humpa padri mwenye elimu na busara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, yafundisha kwamba ugonjwa, hasa ule wa akili, ni jambo lingine kabisa na matibabu yake ni kazi ya utabibu. Yapasa kuhakikisha kwanza kwamba si ugonjwa. Basi mwenye kumfunga mtoto na kumnyima chakula kwa jina la maombi, hakutumwa na Kanisa.

4. Njia ya kufuata

Anzeni katika zahanati iliyo karibu. Mwelezeni mwuguzi ukweli wote: tabia iligeuka lini, huja saa gani, nini kilitangulia, na mtoto huwaje baadaye. Msifiche kwa aibu. Mwuguzi atapima damu, atatazama masikio, atauliza juu ya kuanguka na kuzubaa. Mara nyingi sababu hupatikana hapo hapo, na safari ya mjini haihitajiki.

Isipopatikana, atawaelekeza kwenye hospitali kubwa. Mjini Kisangani kuna hospitali za Chuo Kikuu. Na Chuo Kikuu chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina kitivo cha elimu ya nafsi, yaani saikolojia, na cha elimu ya malezi. Msiogope jina hilo. Mtaalamu wa elimu ya nafsi hapigi ramli, wala hapasui mwili. Atawauliza habari za mimba na za kuzaliwa; mtoto alitembea lini, alisema lini; nani alikufa nyumbani, nani alihama. Atataka maneno ya mwalimu. Atampa mtoto karatasi achore, vitu vidogo avipange, maswali ayajibu. Tena atazungumza naye peke yake, naye hushika siri. Kazi hiyo huenda ikahitaji kuonana mara kadhaa. Mpiga ramli hujua kabla ya kuuliza, naye hutafuta mtu wa kulaumiwa. Mtaalamu huuliza kabla ya kujua, naye hutafuta sababu.

Sababu ikijulikana, kazi ya wazazi yaanza. Kama ni kifafa, dawa hunywewa kila siku, wala msiikatize ghafula hata mtoto akionekana mzima. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba wagonjwa wa kifafa hata 7 kati ya 10 waweza kuishi bila kuanguka, wakitibiwa vema. Kama ni masikio, mwalimu amketishe mbele. Kama ni hofu au huzuni, saa za kula na za kulala zisibadilike. Mpeni agizo moja moja. Msifuni afanyapo vema. Msimwache peke yake na huzuni yake. Fimbo haikaushi kitanda. Na baba na mama waseme neno moja, maana mafahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

5. Sheria ya nchi

Katiba ya nchi yetu, ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya kuwalinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, yamwadhibu mwenye kufanya hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 hata miaka 3, na faini ya faranga za Kongo 200,000 hata 1,000,000.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mtoto akigeuka tabia, wazazi waulize nini kwanza?
Jibu: Waulize anaumwa nini, na tangu lini.

Swali: Je, kumpeleka mtoto kwa daktari au kwa mtaalamu ni kukosa imani?
Jibu: Sivyo. Yule baba wa Injili alimtafutia mwanawe msaada. Naye atafutaye msaada kwa ajili ya mtoto atimiza amri ya nne.

Swali: Je, aweza mtu yeyote kumpunga mtoto pepo?
Jibu: Hawezi. Ni padri tu aliyeruhusiwa na Askofu, baada ya kuhakikisha kwamba si ugonjwa.

Swali: Amsingiziaye mtoto uchawi amekosa nini?
Jibu: Amemshuhudia uongo asiye na nguvu ya kujitetea, na amevunja sheria ya nchi.

TENDO LA JUMA HILI

Kama katika mtaa wenu yuko mtoto anayesemwa vibaya, nenda kwa wazazi wake kabla ya Dominika. Usiende kuuliza habari za uchawi. Uwaulize jambo lilianza lini, kisha ujitolee kufuatana nao hata zahanati.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.