Boliti ya faibaglasi: ilipie lini, iache lini

Boliti ya bei ya chini hadiwea ni ile iliyopakwa zinki nyembamba. Inang'aa kweli, lakini ukiifunga kwenye ngazi au gati la Kilifi, upepo wa chumvi hauisamehe: meno hushikana kwa kutu mpaka fundi aite grinda. Hapo umelipia boliti mara mbili, na ufundi juu yake.

Inayofuata kwa bei ni iliyochovywa kwenye zinki ya moto, yenye koti nene zaidi. Kisha chuma cha pua, ghali mara kadhaa. Faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, mara nyingi huwa bei moja na chuma cha pua au zaidi, bado hujalipia kuiagiza.

Unapata nini? Haishiki kutu, haipitishi umeme, na uzito wake ni kama robo ya chuma. Kwenye matangi ya klorini, vyumba vya betri, au kufungia vishikio na sakafu ambazo zenyewe ni za faibaglasi, sioni sababu ya kubania pesa.

Kwenye mzigo mkubwa, hapana. Meno yake hukwanyuka mapema. Boliti ya milimita 12 haibebi hata nusu ya mwenzake wa chuma. Fundi aliyezoea kuning'inia kwenye spana ataivunja kabla hajaifunga, kwa hiyo ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, ukaona. Hii hukatika ghafla. Na resini nyingi hulegea joto likipita kidogo nyuzi 100, basi usiipe kazi ya kushikilia paa: moto ukizuka, yenyewe ndiyo ya kwanza kuachia.

Kwa gati na kenchi za pwani, mimi ningenunua chuma cha pua, ila si chochote. Soma kichwa cha boliti: A4 ina molibdeni na huhimili chumvi, A2 itaanza madoa ya kutu. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Ukifunga alumini, weka washa ya plastiki katikati, la sivyo alumini italika.

Ukishawishika na faibaglasi, mwombe muuzaji karatasi ya kiwandani inayotaja mzigo wa meno na kiwango cha kukaza. Hana? Chukua A4.